Naombeni ushauri: niachane na Notepad steshenari au niendelee nayo?

dada_steshenari
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya, laptopu yangu ni ya zamani, Windows 10, RAM 4. Wateja wananitumia kazi WhatsApp, huyu barua ya kuomba kazi, huyu muhtasari wa VICOBA, mwingine analeta kwenye flashi kitu alichokopi intaneti kina marangi na fonti tano tofauti, mimi vyote namwaga kwanza Notepad, kile kiprogramu kidogo cha kuandikia cha Windows, vinabaki maandishi matupu afu ndo nahamishia Word napanga. Sasa mdogo wangu katoka chuo anasema huo ni ushamba, ati niweke programu kubwa maana Notepad haikuonyeshi neno ulilokosea na undo yake, ile ya kurudisha ulichokosea, inarudi hatua moja tu. Hilo la undo kweli linanisumbua. Ila mashine yenyewe ukifungua vitu viwili vizito inaanza kuhema. Nifanyeje?

mnyalu_mafinga
Kamwene dada. Usiiache!! Hiyo unayofanya ndo kazi yake hasa. Notepad imo kwenye Windows tangu ile ya kwanza kabisa ya 1985, na mpaka leo faili la .txt linabeba herufi tu, halijui fonti wala rangi wala jedwali, kwa hiyo uchafu wote wa intaneti unabaki nje. Ukipesti moja kwa moja Word mara nyingi unaingiza na vijedwali vilivyojificha, utanyoosha mistari mpaka mteja aghairi. Na faili hilo hata simu inalifungua.

kijana_uyole
Mi naona mdogo wako ana hoja nusu. Kwenye Windows 10 Notepad haijisevu yenyewe, na huku kwetu mvua zikianza umeme unakatika bila hodi, kama betri ya laptopu imechoka kazi yote imeenda. Zoea Ctrl+S kila aya. Kwenye Windows 11 wamerekebisha, undo inarudi hatua nyingi na inakumbuka hata usichosevu. Kwa mashine yako weka Notepad++, ni ya bure, nyepesi sana, undo haina shida. Haina haja ya programu kubwa.

dada_steshenari
Asante kaka. Na kuna mteja flashi yake nikiifungua kwenye kompyuta nyingine ya hapa ya zamani zaidi maandishi yote yanakuja mstari mmoja mreeefu, ni virusi?

mwaisa_fundi
Sio virusi dada yangu. Windows inamaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, inatumia moja, na faili la mteja huenda limetoka huko, na Notepad ya zamani ilikuwa haiitambui ile moja peke yake. Walirekebisha 2018, ndo maana laptopu yako haina hiyo shida. Faili hilo fungua kwa WordPad litakaa sawa.
Nyongeza, kwa wanaodharau hii kitu: orodha ya namba za simu ukiifungua Excel hivihivi ile sifuri ya mwanzo inaliwa, 07 inabaki 7, afu unaisevu bila kujua na orodha ya kikundi kizima imeharibika. Notepad haigusi kitu, ulichoandika ndo utakachokikuta. Mimi orodha yoyote ya mtu naikagua humo kwanza.

dada_steshenari
Ndaga fijo wote, Notepad inabaki na hiyo ++ naiweka kesho. La mwisho, madeni ya wateja naweza kuandika humo humo?

mwaisa_fundi
Hesabu peleka Excel, Notepad haijumlishi. Ila kumbukumbu za nani kachukua nini inafaa sana. Fungua faili jipya, mstari wa kwanza kabisa andika .LOG kwa herufi kubwa, anza na nukta, usevu. Kila ukilifungua linaweka saa na tarehe lenyewe pale chini, wewe unaandika jina na kazi tu. Ukitaka tarehe sehemu nyingine bonyeza F5. Na nywila za watu usiweke humo, mtu yeyote akikaa kwenye kiti chako anazisoma.