Mjadala: Je, Rainsford alijifunza kitu?

MwalimuZamu: Wadau, nasoma na vijana wangu hadithi fupi ya Richard Connell, "The Most Dangerous Game", ya mwaka 1924. Kwa asiyeijua: Rainsford, mwindaji mwenye jina, yuko melini na rafiki yake Whitney wakienda kuwinda jagwa, mnyama anayefanana na chui. Whitney anasema hata jagwa anaijua hofu. Rainsford anapuuza: duniani kuna wanaowinda na wanaowindwa, basi. Usiku anaanguka baharini, anaogelea hadi kisiwani kwa jenerali Zaroff, ambaye wanyama wamemchosha na sasa anawinda watu. Rainsford anawindwa siku tatu, anamshinda Zaroff, kisha analala kitandani mwake na kuona hajapata kulalia kitanda kizuri kama hicho. Je, alipata huruma kwa wanyama au alirithi nafasi ya Zaroff? Darasa langu limegawanyika.

BintiPare: Alirithi, Mwalimu. Mwenye huruma asingepata usingizi ule.

Kipanga: Kabla ya huruma, someni tena. Zaroff anajisifu amewinda vifaru Afrika Mashariki. Mtego wa kisu unaomuua Ivan, mtumishi wa Zaroff, Rainsford aliujifunza Uganda. Aliyemfundisha hana jina. Sisi tumo kama ghala la mitego na pembe. Mimi hilo linaniuma kuliko kitanda.

Msomi_Tanga: Hayo ya Uganda ni ya pembeni. Kuua mnyama ni kuua, awe mtalii mwenye bunduki au mwanakijiji mwenye mtego. Kenya walipiga marufuku uwindaji 1978 na maisha yanaendelea.

MjukuuWaMwindaji: Ni 1977. Na hilo la mwanakijiji nakuomba ulifute. Babu yangu aliwinda kwa mbwa na mkuki, na nyama ilifika kwa wajane kabla ya kuingia jikoni kwake. Unamweka kundi moja na Zaroff? Mjomba wangu alifungwa kwa swala mmoja, wakati kwenye kitalu cha uwindaji cha jirani mgeni mwenye kibali anapiga nyati, anapiga na picha.

Msomi_Tanga: Pole kwa mjomba, kaka. Ila sifuti. Nimefanya kazi ya kutegua mitego ya nyaya porini. Nilimkuta pundamilia, waya umezama shingoni hadi hauonekani. Nyasi kuuzunguka mti uliofungiwa waya zilikuwa zimesagika, udongo mtupu, duara kamili, kama mtu amepima kwa kamba. Alizunguka siku ngapi sijui. Na alishaoza, aliyetega hakurudi. Hapo kitoweo kiko wapi?

MjukuuWaMwindaji: Huyo si mwindaji! Babu hakutega waya hata siku moja. Mkuki unamfuata mnyama kwa miguu, unamwona macho. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanaishi kwa upinde mpaka leo, nenda kawaambie wao ni wauaji.

Kipanga: Naona Uganda imeshasahaulika.

BintiPare: Haijasahaulika, kaka Kipanga, ila huyo pundamilia amenirudisha kwenye hadithi. Usiku wa kwanza Zaroff anafika chini ya mti aliojificha Rainsford. Anainua macho taratibu, anasimama kabla ya kulifikia tawi lenyewe, anatabasamu, anapuliza moshi wa sigara, anaondoka. Alijua yuko pale. Alimwacha ili raha iendelee kesho. Kwangu uovu wa Zaroff uko hapo hasa, kwenye kurefusha.

Msomi_Tanga: Na waya unarefusha hivyo hivyo.

MjukuuWaMwindaji: Kwenye waya tuko pamoja. Kwa babu, hapana. Na mjomba wangu hakuwa na waya.

BintiPare: Mwalimu, kitu kimoja cha kuwauliza vijana. Rainsford anapomtokea Zaroff chumbani, anasema yeye bado ni mnyama aliyebanwa. Anajiita mnyama kwa mdomo wake, halafu anaua. Kwa nini hakusema "mimi ni mtu"?

MwalimuZamu: Hilo litakuwa swali la Jumatatu, na la Kipanga kuhusu mwalimu wa Uganda asiye na jina nitaliweka pia. Ndugu Msomi, naomba ruhusa niwasomee habari ya zile nyasi. Watauliza waya wenyewe unatoka wapi.

Msomi_Tanga: Ruhusa unayo. Matairi ya lori. Wanachoma tairi usiku, mpira ukiisha wanavuta nyaya kwenye majivu. Tairi moja linatoa mitego mingi.