Naomba ushauri: niwasimulie wapwa zangu Alien, au ninyamaze?
Hamjambo ndugu zangu. Niko Kisauni, Mombasa. Jumamosi usiku nataka kuwaonyesha wapwa zangu Alien, ile filamu ya kutisha ya Ridley Scott ya 1979. Wamezoea filamu zenye mtu anayetafsiri juu ya picha, nao wananiomba niwasimulie. Nasita. Utisho wa filamu hii umo kwenye kimya chake: korido za chombo cha angani, maji yakidondoka, dudu linaloonekana kidogo kidogo tu. (Aliyevaa vazi la dudu hilo ni Mnigeria, Bolaji Badejo, kijana mrefu ajabu. Hilo lazima wajue.) Mkubwa ana miaka 16, mdogo 12, na ile sehemu ya mtu kupasuka kifua mezani hunitoa jasho hadi leo. Nisimulie, ninyamaze, au mdogo akalale kwanza?