Tupeane uzoefu: "meno ya plastiki" kwa watoto wachanga

Mleta mada: Jana humu mtoto wa miezi minne anaharisha, watu wanashauri apelekwe kwa fundi wa kienyeji akang'olewe meno ya plastiki, eti ndiyo yanayomharisha. Mnaohudumia watoto, semeni.

Nesi_Zamu: Hakuna plastiki. Pitisha kidole safi kwenye fizi, sehemu ya chonge: utagusa kivimbe kigumu, cheupe kidogo. Ni jino la utotoni lililoanza kuumbika mimba ikiwa na miezi minne hivi. Kutoboa fizi ni miezi 16 hadi 23 baada ya kuzaliwa. Ukilichimbua mapema linatoka laini, linabonyea, ndipo likapewa hilo jina.

Mzee_Bara: Mbona wakitolewa wanapona?

Nesi_Zamu: Mzee wangu, kuhara kwingi kwa virusi kunakoma kwenyewe ndani ya wiki. Mtoto anapelekwa siku ya nne, ya tano choo kinashika, sifa kwa fundi. Aliyekufa hahesabiwi.

Kinywa_Salama: Ngojeni niwaeleze kinachofanyika. Mtoto anakamatwa mikono na kichwa, fizi inapasuliwa kwa wembe au spoku ya baiskeli iliyonolewa, jino linakwanguliwa, jeraha linapakwa dawa ya mizizi. Ganzi hakuna. Mtoto wa kilo 6 ana damu kama mililita 480 tu. Akipoteza 50, kaachia zaidi ya asilimia 10. Na anaimeza, kwa hiyo mnaona mdomo mkavu mnadhani imekata. Kisha pepopunda, au vijidudu kuingia kwenye damu. Akinusurika, kumbukeni chonge ya ukubwani inaanza kujenga taji lake, yaani sehemu ya juu ya jino, humo humo kwenye taya, mtoto akiwa na miezi 4 hadi 5. Ikiguswa na spoku, akiwa na miaka 9 hadi 12 inatoka na mabaka, imepinda, au haitoki kabisa.

Dada_Pwani: Hapo umemaliza.

Mama_Wanne: Msitudanganye, meno huleta homa na kuhara!

Kinywa_Salama: Huleta udenda na kutafunatafuna, na joto kupanda kidogo sana. Nyuzi 39 siyo meno, mpime malaria. Meno ya mbele chini huanza miezi 6, wakati uleule kinga ya mama inapungua, uji unaanza na kila kilichoko sakafuni kinaingia mdomoni; hapo ndipo kuhara kunakotoka.

Mama_Wanne: Nyie wasomi bwana.

Nesi_Zamu: Pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, siyo kikombe. Zinki siku 10 hadi 14: chini ya miezi 6 nusu kidonge cha miligramu 20, zaidi ya hapo kizima. Anyonye kama kawaida. Macho yakididimia, akishindwa kunyonya au choo kikiwa na damu, hospitali leo leo.

Kijana_Bati: Na lile jino la kurusha juu ya bati?

Dada_Pwani: Hilo ni la miaka 6, tulia.

Mgeni: Mwenye miezi 13 bila jino hata moja?

Nesi_Zamu: Wasubiri hadi 18.

Kinywa_Salama: Asisubiri. Akishatimiza mwaka aonwe na daktari wa meno, awe nayo asiwe nayo.