Naomba ushauri: Datsun 1200 pikapu, breki za diski mbele na dramu nyuma

Wakuu, naomba msaada kuhusu breki za Datsun 1200 pikapu inayofufuliwa gereji ya nyumbani hapa Nakuru. Injini ya A12, cc 1,171, haina neno. Sakafu iliyooza imezibwa kwa bati la milimita 1.2, weldi ikipigwa nukta nukta kwa kurukaruka ili bati lisipinde.

Shida ni mbele. Dramu zimetolewa zikawekwa diski za Datsun 120Y pamoja na stratu zake (nguzo za shokomzoba zinazobeba magurudumu ya mbele). Masta silinda (pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki) bado ni ya dramu, yenye vali ndani inayobakiza presha kidogo kwenye paipu. Pedali ikiachiliwa, pedi haziachi diski. Magurudumu yanakuwa mazito na kushika moto. Mafuta ya breki yakichemka kwenye mteremko wa Salgaa, pedali inazama hadi sakafuni. Hilo siwezi kulikubali hata kidogo.

Je, inatosha kutoa vali ya upande wa mbele, au ni lazima masta silinda ya diski, tena ya saketi mbili (mbele na nyuma kila upande na njia yake ya mafuta)? Na nyuma, niweke vali ya kupunguza presha? Pikapu ikiwa tupu, nikikanyaga breki magurudumu ya nyuma hufunga (huacha kuzunguka) mapema, hasa lami ikilowa. Aliyepima kipenyo cha pistoni ya masta silinda inayofaa anitajie tafadhali.