Tunatoka Mwanza kwenda Zanzibar mwezi wa sita, bichi ipi ina amsha amsha na watoto wanaoga muda wote?

BintiIgoma
Mwangaluka wakuu. Naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani kila mtu ana lake. Mimi na mume wangu, wifi na mumewe, mdogo wangu wa kike na watoto watatu tumechanga kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, sasa shule zikifungwa mwezi wa sita tunataka kushuka Zanzibar wiki nzima. Hatutaki sehemu ya kimya ya kulala tu, tunataka jua, muziki, watu, misosi ya barabarani, usiku tucheze mpaka miguu iume halafu asubuhi watoto wakaoge baharini. Watoto wamekulia ziwani, maji sio mageni kwao. Wifi kapenda hoteli moja Paje, kwenye picha maji ya bluu yanafika karibu na mlango na bei imekaa vizuri, wanataka tulipe nusu wiki hii hii. Mume wangu anasema Nungwi. Shemeji naye eti twende Ukerewe hapo tu hela ibaki. Usafiri pia hatujaelewana, ndege au basi. Mliofika naomba mseme ukweli kabla sijatuma hela.

Msukuma wa Nungwi
Dada usitume hela kwanza. Mi kwetu Magu ila riziki yangu iko huku Nungwi, niko jikoni kwenye hoteli, na wageni wa kanda yetu ya ziwa wakija kinachowaumiza ni kimoja tu, maji kupwa, yaani bahari kurudi nyuma na kuacha mchanga. Ziwa letu asubuhi liko pale pale na jioni liko pale pale, bahari haina hiyo, inajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50 hivi. Kwa hiyo picha ya wifi ni ya kweli kabisa, ila imepigwa maji yamejaa.

Pwani yote ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, mwamba uko mbali huko na ndani yake kina ni kifupi, maji yakitoka yanatoka kweli kweli. Unaona mchanga mtupu mpaka kule mawimbi yanapovunjikia, ngalawa zimelala ubavu, na kina mama wanatembea kwa miguu kwenda kwenye mashamba yao ya mwani, vile vijiti na kamba vyote viko nje. Ni pazuri sana kupaangalia, mi mwenyewe napapenda, ila mtoto uliyemuahidi kuoga hapo hutamwelewesha. Na mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndo bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4, na kwa huku Unguja bamvua linakupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, yaani muda ule ule ambao mmetoka kunywa chai mnataka kushuka majini. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hapo hata mashariki hayaendi mbali sana.

Kendwa, kijiji jirani na hapa, na Nungwi ya upande wa magharibi mteremko uko karibu, kina kinaanza hapo hapo, mnaoga asubuhi mpaka jioni na jua linazama mbele yenu. Ila ukibukingi Nungwi uliza hoteli iko upande gani, maana upande wa mashariki wa kijiji nako maji yanatoka na wengine wanaandika Nungwi tu bila kufafanua. Jambo jingine, mwezi wa sita masika imeshaisha lakini kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, Paje kunakuwa na upepo mwingi, wale wa kuruka na kaiti wanaupenda huo, nyie wenye watoto mtakula mchanga. Kendwa imejikinga.

Mkerewe Halisi
Mimi namtetea shemeji kidogo. Ukerewe ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote kwenye ziwa letu na wana Mwanza wengi hawajawahi kukanyaga, wanaishia kukiona kwenye ramani. Boti toka mjini mpaka Nansio ni kama masaa matatu, au mnazunguka na gari Bunda mpaka Kisorya mnavuka na kivuko kwenda Rugezi. Sato unamla katoka majini muda huo huo, na mkiwa na siku ya ziada mnavuka Ukara kuona lile jiwe linalocheza. Hela mtatumia kidogo sana ukilinganisha.

Lakini umesema niseme ukweli. Amsha amsha unayoitaka wewe ya muziki na watu wa kila nchi mpaka usiku wa manane, kwetu hakuna, kwetu ni utulivu. Na kuoga kwa watoto ni mpaka uwasimamie, ziwa lina kichocho hasa sehemu za maji yaliyotulia yenye majani maana konokono wake wanakaa hapo, na mamba wapo, kwa hiyo ulizeni wenyeji wapi panaogwa. Na mkija msipande chombo kilichojaza hata kama mna haraka, vaeni maboya, kivuko cha MV Nyerere kilichozama Septemba 2018 kilikuwa kinakwenda Ukara na tumezika ndugu zetu zaidi ya 200. Nendeni Zanzibar mwezi wa sita, kwetu njooni Pasaka.

Mama wa Pasiansi
Mwanangu Igoma, kuhusu usafiri ngoja nikwambie. Watu wanane ndege ni hela nyingi ila mkikata mapema sana bei inakuwa tofauti kabisa na ya wiki ya mwisho, anzeni kuangalia leo, mnapitia Dar. Kama haitawezekana, basi la moja kwa moja mpaka Dar linachosha watoto sana, siku hizi bora basi mpaka Dodoma, mnalala, asubuhi mnapanda treni ya umeme, masaa kama manne mko Dar na stesheni haiko mbali na bandari ya boti. Boti ya mwendo kasi ni kama masaa mawili. Kila mtu mzima abebe kitambulisho na watoto vyeti vya kuzaliwa, na kwa kuwa ni kipindi cha kusi bahari inachafuka, msiwajaze watoto supu na chapati kabla ya kupanda, muulizeni mfamasia dawa ya kichefuchefu.

Mkishuka mjini laleni hapo usiku mmoja, jioni mwende bustani ya Forodhani watoto wale mishikaki na urojo, ndo misosi ya barabarani uliyoitaja hiyo. Kesho yake kuna daladala namba 116 za Nungwi, ila kwa mizigo ya watu wanane kodini kijigari, ni kama kilomita 60. Na mkipita mjini au kijijini jifungeni kanga, nguo za kuogelea ziishie bichi. Wenyeji ni wastaarabu hawatawasema usoni, lakini ni nyumbani kwao.

BintiIgoma
Shikamoo mama, asante sana. Mkerewe asante kaka, Pasaka tunakuja. Wifi nimemsomea ya maji kupwa kanyamaza, kasema basi Kendwa ila anataka hata siku moja aione Paje. Kaka wa Magu, nimesikia huko Kendwa kuna pati ya mwezi mpevu, ni kweli? Na watoto tutawaacha wapi?

Msukuma wa Nungwi
Ni kweli dada, iko hoteli ya Kendwa Rocks, huwa wanaiweka Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Fungua kalenda uone mwezi unapevuka tarehe ngapi halafu upange wiki yenu iiguse hiyo Jumamosi, na uliza bei za vyumba mapema maana zinapanda na vinajaa. Kwa watoto, msichukue chumba jirani na muziki, kaeni Nungwi, sio mbali, wakubwa mnaenda kwa zamu mmoja anabaki nao. Usiku msirudi kwa kutembea bichi, chukueni teksi.

Mchana wapelekeni Mnarani hapa hapa Nungwi wakaone kasa, na asubuhi moja mwende kwa boti kisiwa cha Mnemba kuangalia samaki kwa miwani ya majini, ila siku ya upepo mkali nahodha akisema haendi msimbembeleze. Wifi mpelekeni Paje siku ambazo maji yanajaa mchana, na kwa kuwa mtakuja kwenye bamvua hayo yanajaa kwenye saa kumi jioni, kwa hiyo tokeni huku saa nne, mle njiani taratibu, mfike maji yanapanda. Ukipata hoteli tatu unazozipenda ziandike hapa nikwambie kila moja iko upande gani.