Kutoka 7D Mark II kwenda 1D X Mark II kwa mechi za Mkwakwani na picha za habari: nipimeje kabla ya kununua?

Mgosi wa Ngamiani aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni mpigapicha wa kujitegemea hapa Tanga. Kazi zangu ni za aina mbili: mechi za Coastal Union na African Sports pale uwanja wa Mkwakwani, na habari za kila siku, yaani vikao vya madiwani, ziara za viongozi bandarini na Chongoleani, mafuriko, ajali na misiba. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia Canon EOS 7D Mark II pamoja na lenzi moja ya milimita 70-200 yenye apacha (tundu la kupitishia mwanga) ya f/2.8, na kwa kazi za mchana sina la kuilalamikia. Taabu huanza jua linapoinama. Mechi ikianza saa kumi jioni, kipindi cha pili sehemu kubwa ya uwanja huwa imeshaingia kivulini, nami nikitaka kubaki kwenye spidi ya shata ya 1/1000 ya sekunde hulazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 6400, na hapo nyuso za wachezaji hutoka na chenga kana kwamba zimemwagiwa mchanga.

Sasa nimepata mtu anayeuza Canon EOS-1D X Mark II iliyotumika, ambayo anasema imeshapiga picha 180,000. Bei yake ni akiba yangu ya mwaka mzima, na anataka jibu kabla ya wikendi ijayo. Naomba mnisaidie mambo mawili: je, kamera hii ya fulu fremu (yenye sensa, yaani kipande kinachonasa mwanga, kubwa kuliko ya 7D) iliyotoka mwaka 2016 bado inafaa kwa kazi kama yangu, na nitaipimaje kabla fedha haijatoka mkononi?

Lenzi na Chumvi alijibu:

Mgosi, mimi ningekushauri usiifunge akili yako kwenye 1D X Mark II peke yake. Canon EOS R6 Mark II, iliyotangazwa mwaka 2022, nayo ni fulu fremu, ina megapikseli 24.2, na lenzi yako ya sasa itafanya kazi juu yake kwa kutumia adapta ya Canon bila kupoteza fokasi ya haraka. Hata betri zako za LP-E6N zitaingia, ingawa zitaisha upesi kuliko ulivyozoea, kwa sababu kamera hizi zisizo na kioo cha ndani huwasha skrini muda wote unaochungulia. Uzito wake ni gramu 670, ilhali 1D X Mark II inakaribia kilo moja na nusu. Ukijumlisha na lenzi yako, utakuwa umebeba kilo tatu shingoni kwa dakika tisini, na bado hujapanda bodaboda kurudi nyumbani.

Faida nyingine ni ukimya. Shata ya kielektroniki haina mlio kabisa, na msibani hilo ni jambo la heshima. Ila uwanjani usidanganyike na zile fremu 40 kwa sekunde, kwa sababu sensa ya kamera hiyo husomwa mstari kwa mstari, na mpira uliopigwa kwa nguvu unaweza kutoka na umbo la yai. Kwa soka tumia shata ya kawaida yenye fremu 12 kwa sekunde, ambazo zinatosha.

Mzee wa Chumba cha Giza alijibu:

Marahaba, mwanangu.

Nilianza kazi hii wakati wa filamu. Coastal Union ilipotwaa ubingwa mwaka 1988 tulikuwa tunahesabu fremu 36 za roli moja kama mtu anavyohesabu nauli, kwa hiyo unipe ruhusa nikuambie jambo ambalo vijana wengi hulisahau wanapohamia fulu fremu.

Sensa ya fulu fremu ina milimita 36 kwa 24, na ya 7D Mark II ina takriban milimita 22.4 kwa 15. Ukipiga hesabu utaona kwamba eneo limeongezeka kwa zaidi ya mara mbili na nusu, na hilo ndilo linalokupa unafuu wa takriban stopu moja na theluthi kwenye mwanga hafifu (kila stopu moja ni mwanga maradufu). Kwa lugha ya uwanjani, ISO 6400 ya kamera mpya itafanana na kitu cha kati ya ISO 2000 na 3200 kwenye hiyo uliyonayo. Hapo hujakosea. Lakini lenzi yako ya 200 ilikuwa inakupa mwono wa lenzi ya milimita 320, na siku utakapoifunga kwenye fulu fremu itarudi kuwa 200 halisi. Mshambuliaji aliyekuwa amejaa kwenye fremu yako atakuwa kijana mdogo katikati ya nyasi nyingi.

Watu watakuambia uongeze ekstenda ya 1.4x, kile kipande kinachofungwa kati ya lenzi na kamera ili kuvuta karibu zaidi. Ni kweli utafika milimita 280, lakini apacha yako itashuka kutoka f/2.8 hadi f/4, maana yake umenunua stopu moja na theluthi kwa akiba ya mwaka mzima, kisha ukairudisha dukani stopu nzima. Ukipenda kukata picha badala yake, hesabu yake ni hii: 1D X Mark II ina megapikseli 20.2, na ukikata ili upate mwono ule ule wa 7D utabakiwa na karibu megapikseli 8, yaani pikseli 3,400 hivi kwa upana. Kwa gazeti hiyo inatosha hata kwa picha kubwa ya ukurasa wa michezo, na kwa tovuti ni ziada tupu. Kwa hiyo mimi nisingeogopa kukata. Ningeogopa fokasi, kwani ukikata picha kosa dogo la fokasi nalo linakuzwa.

Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza huwa kimoja. Mwombe muuzaji uende na kamera Mkwakwani wakati wa mazoezi, jioni, ukiwa na lenzi yako mwenyewe. Mchague mchezaji anayekuja moja kwa moja kwako akiwa na mpira, kwa sababu anayepita ubavuni hahami sana kwa umbali na hata kamera ya bei ndogo itamweza. Piga mfululizo wa fremu kumi, kumi na tano, kisha zitazame kwenye kompyuta kwa ukubwa kamili, jicho kwa jicho. Skrini ya nyuma ya kamera husifia kila kitu. Ukiona fremu mbili tatu za mwanzo zimekosa kisha zilizofuata zote zimeshika, hiyo ni kawaida. Ukiona zote zimeshika nyasi za nyuma ya mchezaji kwa kiasi kile kile, inawezekana lenzi na kamera havijapatana, na hilo hurekebishwa kwenye menyu. Lakini zikikosa ovyo ovyo, moja mbele na nyingine nyuma, mrudishie mwenyewe kamera yake na umshukuru kwa muda wake.

La pili ni JPEG, yaani picha ambayo kamera yenyewe imeshaichakata. Mnamo Novemba 2015 shirika la Reuters liliwaagiza wapigapicha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotokana na faili ghafi za RAW, bali JPEG iliyotoka kwenye kamera, kwa ajili ya kasi na kwa ajili ya maadili. Hata kama hutawahi kuwauzia Reuters, jifunze kuihukumu kamera kwa JPEG yake: rangi ya ngozi yetu kivulini, jezi nyeupe juani, na muda unaotumia kurekebisha kabla ya kutuma. Mhariri wa picha hasubiri. Bao likifungwa dakika ya 60 na picha yako ikafika baada ya kurasa kufungwa, hata ingekuwa safi kama kioo, haitatoka.

Hapo ujue pia kwamba 1D X Mark II haina Wi-Fi ndani yake. Ina tundu la waya wa mtandao, ambalo kwa viwanja vyetu ni pambo. Utahitaji kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu, na ujizoeshe kupunguza ukubwa wa JPEG ndani ya kamera kabla ya kutuma.

Binti Pangani alijibu:

Mzee amesema la fokasi kwa ukamilifu, nami niongeze yanayohusu mwili wa kamera, maana niliwahi kuumia. Nilinunua kamera ya daraja hili kwa mtu ambaye simtaji, nikaridhika na kaunta ya shata, nikalipa. Nyumbani nilipochomeka kadi kamera ikakataa. Nilipomulika ndani ya tundu la kadi kwa tochi ya simu niliona sindano mbili zimelala ubavu, mtu alikuwa ameisukuma kadi ya CF kinyume kwa nguvu. Fundi alizinyoosha, moja ikakatika.

Kwa hiyo mgosi, nenda na tochi. Kumbuka kwamba 1D X Mark II ina matundu mawili yasiyofanana: moja ni la CF yenye matundu madogo yanayoingiliwa na sindano, jingine ni la CFast, ambalo kadi zake ni za aina nyingine kabisa ingawa kwa mbali zinafanana. Jaribu yote mawili. Kama muuzaji hatoi kadi ya CFast pamoja na kamera, ingiza gharama yake kwenye hesabu, kwa sababu hapa Tanga hutaikuta kirahisi. Unaweza kuanza na CF zako za 7D, mradi upige JPEG. Ukipiga RAW mfululizo bafa, yaani hifadhi ya muda ya kamera, itajaa mapema na kamera itasita wakati mshambuliaji ndiyo kwanza anainua mguu.

Kuhusu kaunta, shata ya kamera hii ilikadiriwa kuhimili mipigo 400,000, kwa hiyo 180,000 si uzee. Usiikubali kwa maneno tu. Ifungue menyu ya taarifa za kamera uisome mwenyewe. Hapo hapo tazama taarifa za betri, ambako kuna vijisanduku vitatu vinavyoonyesha afya yake. Vikiwa vya kijani ni salama, kikiwa chekundu betri imechoka.

Jambo la mwisho ni chumvi. Sisi tunaishi na upepo wa bahari mwaka mzima. Mulika skrubu za chini na kiunganishio cha flashi juu. Ukiona kutu ya kijani au unga mweupe, jua kwamba unyevu umeshaingia na raba za kuzuia maji hazijafanya kazi yake. Kisha piga anga kwa f/16 uone madoa ya sensa. Vumbi husafishika. Nyuzi nyuzi kama za utando wa buibui kwenye kioo cha kuchungulia au kwenye lenzi ni kuvu, na kuvu huwa inarudi.

Mgosi wa Ngamiani aliandika tena:

Mzee, dada na kaka, nashukuru sana. Jana jioni nilikwenda nayo kwenye mazoezi. Tochi haikuona sindano iliyopinda wala kuvu. Kaunta ilisomeka vile vile alivyosema. Betri moja ilikuwa nyekundu, na muuzaji amekubali kupunguza bei. Kati ya fremu 14 za beki aliyekuwa akinijia mbio, 11 zilishika jicho, na chenga za ISO 6400 nilizitafuta kwa makusudi ndipo nikaziona. Lakini Mzee ulisema kweli: kipa wa goli la mbali alikuwa mdogo mno hata nilipokata.

Nina swali moja. Kuna ukumbi ambako napiga mpira wa wavu chini ya taa za kawaida, na picha za mfululizo hubadilika mwanga, moja angavu na inayofuata ina giza. Je, nitarudi kwenye tatizo hilo?

Mzee wa Chumba cha Giza alijibu:

Hapana, mwanangu, mradi uwashe kizuia mmemetuko kwenye menyu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hizo hufifia mara 100 kila sekunde, na kamera huchelewesha shata kidogo ili ipige wakati mwanga uko kileleni. 7D Mark II yako ilikuwa Canon ya kwanza kuwa na uwezo huo, mwaka 2014, kwa hiyo chunguza kwanza kama umewahi kuuwasha. Usije tu ukashawishika na 1D X ya kwanza kwa unafuu wake, kwani yenyewe hainao.

Na kuhusu kipa wa mbali, mwache. Usiiuze 7D. Kaa kwenye kona ya goli linaloshambuliwa, funga 1D X na 70-200 yako, na wakibadilishana magoli nawe hama.