Mrejesho: dawa ya mama imeanza kushika

Habari zenu. Niliwauliza kama dawa ya imatinibu imeshindwa kumsaidia mama: miezi 6 ya kutibu CML, saratani sugu ya damu, na BCR-ABL, alama ya saratani hiyo kwenye damu, bado asilimia 8 badala ya kushuka hadi 1.

Mmoja wenu alisema nihesabu vidonge kwanza. Nilivimwaga kitandani: vilibaki 19 vya ziada. Kumbe siku za kichefuchefu alikuwa anaruka, akificha ili tusiogope. Nililia.

Daktari wetu hapa Kampala hakubadilisha dawa. Sasa mama anameza miligramu 400 katikati ya mlo wa jioni, matooke yake na glasi kubwa ya maji, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Kipimo cha BCR-ABL baada ya miezi 12 ya matibabu: asilimia 0.6. Lengo ni 0.1, hatujafika, ila inashuka. Asante sana, ndugu yangu.